Tiba ya jamii si kambi ya kupima presha

Kila wanafunzi wa udaktari wanapopelekwa kijijini Jumamosi moja kupima watu presha na sukari bure, taarifa huandikwa kwamba wamefanya "tiba ya jamii". Wamefanya jema, na huenda wapo wazee waliojua siku hiyo kwamba wana kisukari. Lakini jina hilo lina kazi nyingine.

Tiba ya jamii huchunguza jinsi umaskini, ajira, makazi na utawala vinavyogeuka ugonjwa ndani ya miili ya watu, na humtaka daktari ayashughulikie hayo kama anavyoshughulikia vijidudu. Afya ya jamii ni jirani yake, ndiyo inayopanga chanjo na maji safi. Tiba ya jamii huuliza kwa nini bomba limeishia mtaa wa pili.

Jina lilianza kutumika Paris mwaka 1848, kwa daktari Jules Guérin, wakati Ulaya imechafuka kwa mapinduzi. Mwaka huohuo serikali ya Prussia, dola la Kijerumani la wakati huo, ilimtuma daktari Rudolf Virchow, kijana wa miaka 26, katika jimbo lake la Upper Silesia kuchunguza mlipuko wa tifasi (ule ugonjwa unaoenezwa na chawa, si taifodi). Alikaa huko chini ya wiki tatu. Ripoti yake ilidai demokrasia kamili, shule kwa Kipolandi ambacho ndicho wenyeji walikizungumza, barabara, na kodi ihamishwe kutoka kwa maskini kwenda kwa matajiri. Mwaka uliofuata siasa zake zilimponza, akaondolewa kazini Berlin.

Afrika nayo haikuchelewa. Mwaka 1940 madaktari Sidney na Emily Kark walianzisha kituo cha afya Pholela, Afrika Kusini, kilichoshughulikia bustani za mboga na lishe sambamba na matibabu. Mmarekani Jack Geiger alifika huko akiwa mwanafunzi wa udaktari, kisha miaka ya 1960 akaupeleka mfano huo kwao, katika mji wa Mound Bayou, jimbo la Mississippi. Watoto walikuwa na utapiamlo, hivyo madaktari wakawaandikia chakula kwenye vyeti vya dawa. Wafadhili walipolalamika, Geiger alijibu kwamba kitabu chake cha udaktari kinasema tiba ya utapiamlo ni chakula. Kituo kilichimba visima, na wakulima wakaunda ushirika.

Kwetu hapa Afrika Mashariki, Hospitali ya Lacor mjini Gulu imepokea kozi ya tiba ya jamii kwa wanafunzi wa Uganda na wa nje pamoja, na chuo cha Butaro, Rwanda, huwaanzisha madaktari wake na historia na sayansi ya jamii.

Kwa hiyo, wenzangu mnaoandaa kambi, endeleeni, ila ziiteni kambi za upimaji. Mkitaka jina lile kubwa, ongezeni siku. Mwanafunzi aliyemkuta mama ana presha ya 180 amfuate hadi kwake, aulize bei ya dawa, nauli ya kwenda zahanati, na nani aliamua zahanati ijengwe kule. Kisha majibu hayo yapelekwe halmashauri, na mwanafunzi awepo yakisomwa.