"Mwalimu, nataka kuongea tu, riwaya za nini?"

Swali hilo la wanafunzi wangu wa Kifaransa halikosekani kila muhula wa kwanza, na nimechoka kulijibu mmoja mmoja.

Shahada ya Kifaransa si kozi ndefu ya lugha. Kujitambulisha, kuuliza njia, kupanga miadi: hayo ni ya A2, ngazi ya pili kati ya sita za kupimia lugha. Ukishafika B2, ya nne, orodha za misamiati haziongezi kitu. Kinachobaki ni matini. Chukua nyakati zilizopita za vitenzi. Umekaririshwa kwamba passé composé ni ya mazungumzo, passé simple ni ya usimulizi wa maandishi. Haya, fungua L'Étranger, riwaya ya Camus ya 1942: karibu yote imesimuliwa kwa passé composé! Matukio yanakuja moja moja, hakuna "kwa hiyo" wala "ndiyo maana" ya kuyaunganisha. Sartre, mwanafalsafa na mwandishi, aliandika 1943 kwamba kila sentensi pale ni kisiwa. Aliyekaa na ukurasa mmoja wa riwaya hiyo akauandikia explication de texte, yaani uchambuzi wa karibu wa matini, anajua nyakati hizo zinafanya nini, si majina yake tu. Hao wa "kuongea tu" ndio ninaowasahihisha kosa lile lile mpaka mwaka wa tatu.

Soma ukurasa mmoja kila siku, kwa sauti. Kamusi iwe ya Kifaransa kwa Kifaransa, na ile programu ya kutafsiri iliyo kwenye simu uifute. Sitanii.

Eti fasihi ya Kifaransa ni ya Ufaransa. Riwaya ya kwanza ya Kourouma, mwana wa Côte d'Ivoire, ilichapishwa kwanza Montréal, 1968. Assia Djebar wa Algeria alichaguliwa kuingia Académie française, chombo cha Ufaransa cha kusimamia lugha, 2005. Silabasi inayoishia Paris ni mbovu.

Lafudhi? Mtahini wa DALF, mtihani wa Kifaransa wa ngazi za juu, hakutafuti uwe Mparisi. Mbelgiji husema septante kwa sabini na hakosei.

Na hiyo Académie, iliyoanzishwa 1635, ina kamusi na mapendekezo, haina polisi. Tangu marekebisho ya tahajia ya 1990, ognon na oignon (kitunguu) zote zinakubalika. Anayekucheka kayasome.

Kazi nazo si ualimu peke yake. Sekretarieti ya Umoja wa Mataifa ina lugha mbili za kazi, Kiingereza na Kifaransa, na tafsiri haziishi. Ila ukalimani una mafunzo yake. Usivae joho la mahafali ukadhani umeshakuwa mkalimani.