Je, wajua kwa nini, katika majedwali ya hifadhidata, ufunguo unaoyaunganisha hukaa kwa mtoto (mwenye mwenza mmoja) na si kwa mzazi (mwenye wengi)?

Mwezi wa pili tangu kikundi kimoja cha kuweka na kukopa kianze kutumia programu niliyokiandikia, mweka hazina alinipigia simu jioni. "Mwanangu, pesa ya watu haionekani." Alikuwa ameingiza mchango wa mwanachama namba 7, akauona kwenye skrini, akafunga. Kesho yake alipofungua, mwanachama namba 7 hakuwa na mchango wowote wa siku ile. Logi, yaani daftari la matukio ya programu, ilikuwa safi, hakuna kosa hata moja. Nilipochungulia ndani ya hifadhidata nikaukuta mchango wenyewe: kiasi kipo, tarehe ipo. Kilichokosekana ni mwenyewe. Safu ya mwanachama_id, inayobeba namba ya mtoaji, ilikuwa tupu.

Nilikuwa nimemuunganisha mwanachama na mchango wake, lakini kwa upande usio na mamlaka. Wanaoandika programu za wavuti kwa Java wakitumia Hibernate, zana ya kuunganisha Java na hifadhidata, wengi hupita hapa, na wengi huponya kwa kubahatisha: wanaongeza mstari huu, wanafuta ule, mpaka inakubali. Mimi naona ni heri kujua sababu, kwa maana ukiijua hutababaika tena na anotesheni hata moja, yaani yale maelekezo yanayoanza na @ ndani ya msimbo.

Anza na madaftari ya karatasi. Kikundi kina daftari la wanachama: kila mtu mstari mmoja, wenye namba, jina na simu. Kina pia daftari la michango: kila mstari una tarehe, kiasi na namba ya aliyetoa. Kwa nini michango haiandikwi palepale mbele ya jina la mwanachama? Kwa sababu hujui uchore vyumba vingapi. Mmoja atatoa mara 3, mwingine mara 200, na ukurasa una upana wake. Mchango, kwa upande wake, una mtoaji mmoja tu. Chumba kimoja kinamtosha. Basi anayeandika namba ya mwenzake ni yule mwenye mwenza mmoja, na yule mwenye wengi haandiki kitu.

Hivyo ndivyo majedwali ya hifadhidata yanavyofanya kazi, na wazo hilo lina mwenyewe. Mwaka 1970 Edgar F. Codd, aliyekuwa mtafiti wa IBM huko San Jose, California, alichapisha makala iliyopendekeza data ipangwe katika mahusiano, yaani majedwali, na ndani yake akaeleza ufunguo msingi (namba inayoutambulisha mstari) na ufunguo wa kigeni (namba hiyo ikiandikwa kwenye jedwali jingine). Kabla yake, kumbukumbu ziliunganishwa kwa viashiria: rekodi hii inaelekeza ile, ile inaelekeza nyingine, na programu inafuata njia kama mtu anayefuata nyayo. Charles Bachman, aliyebuni hifadhidata ya namna hiyo, alipopokea Tuzo ya Turing mwaka 1973 alimfananisha mwandishi wa programu na nahodha anayeongoza chombo kati ya data. Codd alikerwa na jambo moja: njia zikibadilishwa, programu zote zilizozizoea zinakufa. Akataka uhusiano ubebwe na thamani yenyewe, kama ile namba 7 iliyoandikwa kwenye daftari.

Faida yake ni kwamba uhusiano wa majedwali hauna mbele wala nyuma. Safu moja, mwanachama_id, inajibu maswali mawili: mchango huu ni wa nani, na mwanachama huyu ana michango gani. Huhitaji kuandika popote kwamba namba 7 "ana" michango. Unauliza tu, nayo inapatikana.

Java, iliyotolewa na Sun Microsystems mwaka 1995, inaishi kwa utaratibu mwingine. Ndani ya kumbukumbu ya kompyuta, objekti, yaani kitu kimoja kama mchango au mwanachama, hushika rejeo (kielekezo) la objekti nyingine, na rejeo lina upande mmoja. Mchango ukimshika mwanachama, mwanachama hana habari. Ukitaka naye ajue, lazima umpe orodha yake mwenyewe. Kwa hiyo uhusiano ambao hifadhidata inauandika mara moja, Java inauandika mara mbili. Hapo ndipo ugomvi ulipo: kukiwa na nakala mbili za jambo moja, zikipishana, ipi iaminiwe?

Hibernate, aliyoianzisha Gavin King mwaka 2001, ni mkalimani kati ya pande hizo mbili. Mwaka 2006 utaratibu wa aina hiyo ulifanywa kuwa kanuni rasmi ya Java kwa jina la JPA (Java Persistence API). Siku hizi inasimamiwa na Eclipse Foundation, na ndiyo maana msimbo wa zamani una javax.persistence na wa sasa una jakarta.persistence. Na mkalimani huyu hakisii: anataka umwambie ni upande gani unaosema kweli.

```java
@Entity
public class Mwanachama {
    @Id @GeneratedValue
    private Long id;
    private String jina;

    @OneToMany(mappedBy = "mwanachama",
               cascade = CascadeType.PERSIST)
    private List<Mchango> michango = new ArrayList<>();
}

@Entity
public class Mchango {
    @Id @GeneratedValue
    private Long id;
    private BigDecimal kiasi;
    private LocalDate tarehe;

    @ManyToOne(fetch = FetchType.LAZY)
    @JoinColumn(name = "mwanachama_id")
    private Mwanachama mwanachama;
}
```

Neno zito hapo ni mappedBy. Linasema: orodha hii ni kioo tu, ukweli uko kwenye uga (chumba cha data) unaoitwa mwanachama ndani ya klasi ya Mchango, yaani kiolezo cha kila mchango. Hibernate inapopeleka mabadiliko kwenye hifadhidata, inasoma uga ule peke yake ili kujaza mwanachama_id. Orodha haiisomi kwa kazi hiyo kabisa.

Sasa tazama nilichokuwa nimeandika mimi:

```java
mwanachama.getMichango().add(mchango);
```

Mchango umeingia kwenye orodha. Kwa kuwa nilikuwa nimeweka cascade, yaani agizo kwamba anapohifadhiwa mwanachama na michango yake ihifadhiwe, Hibernate ikauhifadhi. Lakini mchango.mwanachama ilibaki null, yaani tupu, na null ndiyo iliyoandikwa. Skrini ya mweka hazina ilionyesha mchango kwa sababu ukurasa ulichorwa kutoka kwenye orodha iliyokuwa bado kichwani mwa programu. Kesho yake orodha ilijengwa upya kutoka kwenye jedwali, na jedwali halikuwa na jina la mtu.

Tiba yake ni fupi. Usimruhusu mtu yeyote kuigusa orodha moja kwa moja. Mpe mlango mmoja unaoweka sawa pande zote mbili:

```java
public void ongezaMchango(Mchango m) {
    michango.add(m);
    m.setMwanachama(this);
}
```

Mstari wa pili ndio unaohifadhi. Wa kwanza unaifanya Java isipingane na hifadhidata hadi usomaji unaofuata.

Wengine, wakiona mappedBy inawasumbua, wanaifuta. Basi Hibernate inaona mahusiano mawili yasiyojuana, na kwa ajili ya orodha inatarajia jedwali la tatu la kushikilia namba za pande zote mbili. Ukiwa umeiruhusu iunde majedwali yenyewe, utalikuta jedwali ambalo hukuliomba, na uhusiano wa kila mchango utaandikwa mara mbili.

Jedwali la tatu lina mahali pake halali, lakini. Mwanachama mmoja anaweza kuwa katika vikundi viwili, na kikundi kina wanachama wengi. Hapo hakuna upande wenye mwenza mmoja, kwa hiyo hakuna wa kubeba namba, na daftari la tatu ni lazima: mistari ya namba mbili mbili. Anotesheni ya @ManyToMany inalitengeneza bila kelele. Mimi siipendi katika kazi za namna hii, nami nasema wazi. Wiki mbili hazipiti kabla mwenyekiti hajauliza mtu alijiunga lini, au ana hisa ngapi, na jedwali la namba mbili halina pa kuyaweka hayo. Anza moja kwa moja na klasi ya Uanachama yenye @ManyToOne mbili, tarehe ya kujiunga na hisa. Ni mistari michache zaidi leo, na inakuondolea kuhamisha data ya watu baadaye.

Swali la pili ambalo huwachanganya watu ni hili: ukimleta mwanachama kutoka kwenye hifadhidata, je, michango yake inakuja naye? Kwa kanuni ya JPA, uhusiano unaoishia kwa wengi huchelewa mpaka uuguswe, na unaoishia kwa mmoja huja papo hapo usipokataza. Ndiyo sababu nimeandika FetchType.LAZY (chelewa) kwenye @ManyToOne. Bila hiyo, kila mchango unamvuta mwanachama wake hata kama humhitaji.

Kuchelewa ni kuzuri, ila kuna mtego. Tuseme kikundi kina wanachama 40 na unaandaa ripoti ya mwezi. Unaleta wanachama wote kwa swali moja, kisha unazunguka ukijumlisha getMichango() ya kila mmoja. Washa spring.jpa.show-sql, mpangilio wa Spring Boot (mfumo wa kuundia programu za Java) unaoonyesha kila swali linaloenda kwenye hifadhidata, utazame logi:

```
select ... from mwanachama
select ... from mchango where mwanachama_id=?
select ... from mchango where mwanachama_id=?
select ... from mchango where mwanachama_id=?
```

Inaendelea hivyo hadi maswali 41. Kwenye kompyuta yako hutasikia kitu. Lakini hifadhidata ikiwa kwenye seva ya mbali, na kila swali likichukua milisekunde 150 kwenda na kurudi, ripoti ile itachukua zaidi ya sekunde 6 bila hesabu yoyote kufanywa. Ni sawa na kumtuma mtoto dukani mara 41, kila mara aje na kiberiti kimoja. Mtume mara moja na orodha:

```
select m from Mwanachama m left join fetch m.michango
```

Fanya hivi pale ripoti inapoihitaji tu. Usigeuze uhusiano wenyewe kuwa wa papo hapo, kwa sababu hapo kila ukurasa utalipia ripoti ya ukurasa mmoja. Pia usivute orodha mbili kwa pamoja: mwenye michango 30 na marejesho 10 atakuletea mistari 300, na zikiwa ni List zote mbili, Hibernate itakataa kabisa.

Ukiigusa orodha iliyochelewa wakati mawasiliano na hifadhidata yamekwisha kufungwa, utakutana na kosa liitwalo LazyInitializationException. Spring Boot, isipoambiwa vingine, huyaacha wazi mpaka ukurasa umalize kuchorwa, ndiyo maana wengi hawaioni. Mimi huzima tabia hiyo kwa spring.jpa.open-in-view=false, ili nijue mapema ni wapi sikuleta data niliyoihitaji.

Na kuhusu cascade, neno moja tu, maana linagusa mali za watu. Mkondo wake utoke kwa mwanachama kwenda kwa mchango, kamwe usipande kurudi juu. Ukiweka CascadeType.ALL kwenye @ManyToOne, kufuta mchango mmoja ulioingizwa kimakosa ni kujaribu kumfuta na mwanachama mwenyewe. Hata upande wa mwanachama mimi niliishia PERSIST, kwa sababu kumbukumbu za fedha hazifutwi kwa kuwa mtu amejitoa.

Turudi kwa mweka hazina. Msimbo niliurekebisha usiku uleule, lakini michango isiyo na wenyewe ilikuwa bado imo. Swali la kuitafuta lilikuwa fupi:

```sql
select id, kiasi, tarehe from mchango
where mwanachama_id is null;
```

Ikaja mistari 19. Bahati njema mama yule hakuwa ameliacha daftari lake la karatasi; kila Jumamosi aliandika kote kuwili. Tukakaa mezani, yeye anasoma tarehe na kiasi, mimi natafuta mstari na kuandika namba ya mwanachama. Siku ambazo watu wawili walitoa kiasi kilekile hazikutusumbua: uwe wa huyu ule mstari au wa yule, hesabu ya kila mmoja inabaki vilevile. Wa mwisho ulikuwa wa namba 7.

Ulipobaki mstari sifuri, nikaongeza sharti ambalo nilipaswa kuliweka tangu siku ya kwanza:

```sql
alter table mchango
alter column mwanachama_id set not null;
```

Kisha, mweka hazina akiwa bado ameketi karibu, kwenye nakala ya majaribio yenye sharti lilelile nikarudisha ule msimbo mbovu kwa makusudi na kumwomba aingize mchango kama alivyozoea. Akabonyeza Hifadhi. Safari hii PostgreSQL, hifadhidata yenyewe, ikakataa, na ujumbe wake ukaitaja safu kwa jina: mwanachama_id.