Kula kwa Kutembea Marseille: Kwa Nini Bouillabaisse Haimo Katika Ziara Yangu

Wageni ninaowaongoza katika ziara za chakula mjini Marseille, bandari ya kusini mwa Ufaransa, huniuliza swali lile lile kabla hatujapiga hatua ya kwanza: bouillabaisse, ule mchuzi wa samaki wa mji huu, tutaila wapi? Huwajibu kwamba katika ziara ya miguu hatutaila, ila tutawaona samaki wake wangali hai na nitawaeleza mapishi yake mwanzo hadi mwisho. Wapo wanaosikitika. Hata hivyo naamini kwa dhati kwamba mpangilio wa ziara ndio unaoamua mgeni ataondoka na nini, na kwa sababu hiyo napenda kueleza jinsi ninavyoupanga.

Tunaanzia Vieux-Port, bandari ya zamani, asubuhi mapema. Kwenye gati linaloitwa Quai de la Fraternité, karibu na paa la chuma kinachong'aa kama kioo ambalo Norman Foster alilibuni na likakamilika mwaka 2013, wavuvi wadogo na jamaa zao huweka meza chache na kuuza walichovua usiku. Karibu na hapo pana bamba la shaba ardhini linalokumbusha kwamba mabaharia wa Kigiriki kutoka Phocaea walifika mahali hapa yapata mwaka 600 kabla ya Kristo na kuanzisha mji. Soko hili ni dogo sana, na ikifika adhuhuri meza zinakuwa zimeoshwa na kuondolewa. Ndiyo maana kila kitu kingine katika ziara hupangwa kulifuata soko hili, nalo halimsubiri mtu.

Hapo mezani ndipo ninapoieleza bouillabaisse. Asili yake ni mchuzi wa wavuvi, waliopika wenyewe samaki wenye miiba mingi ambao hawakupata mnunuzi. Anayetangulia ni rascasse, samaki mwekundu wa miambani mwenye kichwa kikubwa na miiba yenye sumu mgongoni. Muuzaji humshika kwa uangalifu, nami humwomba amgeuze ili wageni waone mdomo wake mpana. Nyama yake si nyingi, lakini kichwa na mifupa ndivyo vinavyoupa mchuzi uzito. Samaki wadogo wa miambani huchemshwa pamoja na vitunguu, nyanya, kitunguu saumu, shamari, zafarani na mafuta ya zeituni, kisha huchujwa. Mchuzi huo hurudishwa kwenye moto mkali uchemke kwa nguvu, kwa maana mchemko huo ndio unaoyafanya mafuta na maji yashikane, na mpishi anayeogopa moto hupata mchuzi wenye mafuta yanayoelea juu. Baada ya hapo huingizwa samaki wakubwa, wenye nyama ngumu kwanza na wenye nyama laini mwishoni.

Mwaka 1980 baadhi ya wenye mikahawa wa Marseille waliandika mkataba wa kuilinda bouillabaisse, kwa sababu mikahawa mingi ilikuwa ikiuza chochote chenye rangi ya zafarani kwa jina hilo. Mkataba unataka angalau aina nne za samaki kutoka katika orodha maalumu, wakiwemo rascasse, Saint-Pierre na mkunga, na unataka samaki wakatwe mbele ya mlaji. Mchuzi huletwa na vipande vya mkate uliokaushwa vilivyopakwa rouille, yaani rojo la kitunguu saumu, pilipili na zafarani, na samaki huletwa kwenye sahani yao wenyewe. Mlo huu unataka kiti, muda mrefu na njaa kamili. Mtu aliyeula hawezi tena kuonja kitu kingine siku hiyo, na kikombe kidogo cha kuonja, ambacho baadhi ya ziara hukitoa, huwa ni supu ya samaki tu. Siwezi kumwambia mgeni kwamba ameonja bouillabaisse hali najua hakuionja.

Kutoka gatini tunatembea hadi jengo la jiji na kuvuka bandari kwa kivuko kidogo kinachotufikisha Place aux Huiles, kisha tunapanda hadi abasia ya Saint-Victor. Jirani yake pana tanuri linalooka biskuti ziitwazo navettes tangu mwaka 1781. Zina umbo la mashua, zinanukia maji ya maua ya michungwa, na ni ngumu kiasi kwamba wazee huzichovya kwenye kahawa. Tarehe 2 Februari askofu mkuu hulibariki tanuri hilo, na foleni siku hiyo huwa ndefu mno. Navette moja kwa kila mtu inatosha.

Saa zinazobaki nazitenga kwa mtaa wa Noailles, kwani hapa ndipo Marseille inaponunua chakula chake cha kila siku. Kwenye soko la Capucins na mtaa wa rue Longue mna mafungu ya giligilani na nanaa, mapipa ya zeituni, samli, viungo, na bucha za halali zinazoning'iniza soseji nyekundu za merguez. Wengi wa wauzaji asili yao ni Algeria, Tunisia na Moroko. Tunasimama mahali panapopikwa mahjouba, chakula cha Algeria. Mpishi hulipaka mafuta donge la unga wa semolina, yaani ngano ya chengachenga, hulitandaza kwa viganja mpaka meza ionekane chini yake, huweka katikati rojo la vitunguu, nyanya na pilipili, hukunja pande nne, kisha hulitupa juu ya bamba la moto. Msomaji wa pwani yetu atawaza chapati za kusukuma, na hatakuwa amekosea sana. Huliwa kwa mkono, ya moto, mtu akiwa amesimama.

Wakomoro nao ni sehemu kubwa ya mji huu. Wengi wa waliotangulia walikuwa mabaharia na wachochea makaa katika meli za Kifaransa zilizopita Mfereji wa Suez kwenda Bahari ya Hindi, wakaweka makazi karibu na bandari. Leo vijana wa Marseille wa kila asili huagiza mabawa, yaani mabawa ya kuku ya kuchoma kwa mtindo wa Komoro, na anayejua kuuliza hupata mataba, majani ya muhogo yaliyopikwa kwa nazi. Kwa mgeni kutoka Mombasa au Unguja, hiki ndicho kituo kinachomfungua mdomo.

Tunapofika rue d'Aubagne nawaomba wageni waweke simu mfukoni. Tarehe 5 Novemba 2018 majengo mawili ya mtaa huu yaliporomoka na watu 8 wakafariki, na majina yao bado yanakumbukwa hapa. Noailles ni mtaa wa watu wanaoishi katika nyumba chakavu, na ziara inayowageuza kuwa mandhari ya picha inawakosea. Kwa hiyo kundi langu halizidi watu wanane, tunanunua kabla ya kupiga picha, na hatuzibi mlango wa duka ambalo mama wa mtaani anataka kuingia kununua vitunguu.

Anayetaka bouillabaisse namshauri atenge jioni nyingine. Aagize siku moja kabla, maana mikahawa mingi inayoipika ipasavyo huhitaji kujua idadi ya walaji ili inunue samaki asubuhi. Akikaa mezani aombe kuonyeshwa samaki wazima kabla hawajakatwa, na aulize ni aina zipi zimepatikana siku hiyo. Mhudumu akileta kila kitu katika bakuli moja bila maelezo, basi aliyoletewa ni supu ya samaki, na hana sababu ya kuilipia bei ya bouillabaisse.