"Si umeshasaini?" Dhana potofu kuhusu haki za mjamzito

Fomu huletwa katikati ya uchungu. Mama ameinama, ameng'ang'ania ukingo wa kitanda; karatasi imewekwa juu ya trei ya vifaa, mtu anamwonyesha kwa kidole: saini hapa. Anasaini. Kesho yake akiuliza mbona alifanyiwa hiki au kile, jibu ni moja: si umeshasaini?

Hiyo ndiyo dhana inayowaponza wengi, kwamba saini ndiyo ridhaa. Ridhaa hutokana na maelezo: kinataka kufanyika nini, kwa nini, kina hatari gani, kuna njia gani nyingine, na usipokubali huenda kikatokea nini. Yote hayo kwa lugha unayoielewa. Karatasi huwekwa kama kumbukumbu ya maelezo hayo. Kama hukuelezwa kitu, basi imebaki wino tu. Tena ridhaa ni ya jambo moja moja. Aliyekubali kupimwa njia, yaani kukaguliwa ukeni, hajakubali kuongezwa njia, yaani kuchanwa hapo ili mtoto apite, na aliyekubali asubuhi ana haki ya kughairi mchana.

"Kwenye dharura hakuna cha ridhaa." Mama akiwa amezimia na maisha yake yako hatarini, daktari humwokoa bila kungoja, isipokuwa kama inajulikana alishakataa matibabu hayo. Lakini akiwa macho na anasikia, anaelezwa. "Mapigo ya moyo wa mtoto yameshuka, inabidi tukupasue sasa hivi, unakubali?" Maneno hayo hayamalizi hata nusu dakika.

"Ruhusa hutoa mume." Kushauriana na mume ni jambo jema. Ila Azimio la Lisbon la Chama cha Madaktari Duniani, la mwaka 1981, linasema mtu mzima mwenye akili timamu ndiye anayekubali au kukataa matibabu yake. Mimba haimwondolei mtu utu uzima.

"Kofi la paja humsaidia kusukuma." Hii nimeisikia hata kwa akina mama wenyewe, wakisimulia huku wanacheka na kumsifu mkunga kwamba bila yeye mtoto asingetoka. Mtoto hutoka kwa nguvu za mfuko wa uzazi na za mama. Kofi halina kazi yoyote hapo. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilitoa tamko dhidi ya unyanyasaji wakati wa kujifungua, likataja kupigwa, kutukanwa, kufanyiwa mambo bila ridhaa, siri kutolewa nje, na mzazi kuzuiwa hospitalini kwa sababu hana pesa ya kulipa.

"Leba ni kulala chali, peke yako, bila hata maji." Miongozo ya shirika hilohilo ya mwaka 2018 inasema mama awe na msindikizaji anayemtaka mwenyewe, achague mkao unaomfaa, na asiye na hatari kubwa anywe na ale. Kumwongeza njia kila mwenye mimba ya kwanza ni mazoea tu, hakupendekezwi.

Wanafunzi wakitaka kutazama, uulizwe kwanza. Ukikataa, matibabu yako yanaendelea vilevile.

Kuna na dhana ya upande wa pili: kwamba ukijua haki zako unaweza kuamrisha. Unaweza kukataa upasuaji, lakini humlazimishi daktari akupe dawa anayoona itakudhuru. Atakachodaiwa ni kukueleza sababu zake.

Na kadi ya kliniki, ambayo wengi huibeba miezi tisa bila kuisoma kwa kudhani ni ya wauguzi? Yaliyoandikwa humo yanakuhusu wewe, na una haki ya kuelezwa kila tarakimu. Kwa mjamzito, presha ya 140/90 au zaidi imepanda. Ukiikuta kwenye kadi yako na hakuna aliyekwambia lolote, usiifunge ukaenda zako. Rudi ndani uulize, hata kama foleni nzima inakutazama.