Taa Imewaka Kijani, Unaelekea Wapi?

Malalamiko ya foleni za Dar es Salaam yanayofika mezani kwetu, sisi tunaopokea malalamiko ya barabarani, kipindi hiki cha mvua yanafanana. Mtu amekaa Magomeni, taa imewaka kijani mara sita, gari halijasogea. Anataka trafiki aondolewe, au taa zitengenezwe, au ijengwe flyover, yaani barabara ya juu. Taa mara nyingi ni nzima. Kinachokosekana ni pa kwenda.

Chukua kipande cha mita 350 kati ya mataa na mataa. Gari dogo kwenye foleni, pamoja na upenyo wa mbele yake, hula kama mita 7, kwa hiyo njia moja hubeba magari 50 tu. Kijani cha dakika moja hupitisha kama magari 30 kwa njia, moja kila sekunde 2. Tuseme kila mzunguko wa dakika 2 yanaingia 35 na yanatoka 30. Matano yanabaki. Mizunguko 10, yaani dakika 20, kipande kimejaa na mkia wa foleni umelala katikati ya makutano ya nyuma.

Hapo ndipo mambo yanapoharibika. Mpaka dakika ya 19 ilikuwa foleni ya watu wa njia moja. Sasa inamfungia hata anayekata kwenda kwingine kabisa, na foleni yake nayo inarudi nyuma mpaka mataa mengine. Ikizunguka mitaa minne ikakutana na mkia wake, gari lako linasubiri la mbele, na la mbele, ukifuatisha, linakusubiri wewe. Barabara zimefungana. Katika hali hiyo hupitisha magari machache kwa saa kuliko zinapokuwa na nafasi, ndiyo maana foleni haiishi hata wanaoingia wakipungua. Jangwani ikijaa maji na Barabara ya Morogoro ikafungwa, hali hii huja haraka zaidi, kwa sababu magari yote hukimbilia njia zile zile chache.

Kwa hiyo trafiki anayekuzuia na kijani chako kinawaka, mara nyingi anasubiri mbele papungue. Hili tumelirudia sana. Ni kweli zipo siku ambazo upande mmoja hushikiliwa kupita kiasi, na hilo tunalizungumza na wenzetu kwa njia za kiofisi.

Kuhusu flyover: ya Mfugale pale Tazara ilifunguliwa 2018, ya Kijazi pale Ubungo 2021, na zote zimesaidia pale zilipo. Lakini daraja hukufikisha mapema kwenye mataa yanayofuata. Hayo nayo yana mita zake.

Na mita hizo tunazila wenyewe. Daladala imesimama hatua chache tu baada ya mataa, konda mguu mmoja chini, anagonga bodi na kuitia abiria aliye ng'ambo ya barabara. Sekunde 30. Katika njia yake hayo ni magari 15 yaliyopoteza kijani. Nyuma yake mwenye gari binafsi anatanua, yaani anapita pembeni ya foleni, kisha anachomekea mbele.

Kijani ni ruhusa, si amri. Usiingie makutano kama ng'ambo hakuna nafasi ya gari lako zima, hata wa nyuma apige honi.

Ukikamatwa kwa kuzuia njia utapewa taarifa ya kosa yenye namba ya malipo. Faini kwa gari ni shilingi 30,000 kwa kila kosa. Aliyezuia makutano na kutanua ana makosa mawili, yaani 60,000. Unalipa kwa namba hiyo, benki au kwa simu, kamwe si mkononi mwa askari. Kama hukubali kosa, usilipe kisha uje kulalamika kwetu, kwani aliyelipa amekiri. Sema hukubali, suala liende mahakamani. Deni ambalo halijalipwa husomeka kwenye namba ya gari, kwa hiyo ukinunua gari la mkononi angalia kama lina deni kabla ya kutoa hela.