Je, wajua? Buddy Holly aliwika mwaka mmoja na nusu tu, mbona bendi bado zinamfuata?

Usiku wa kuamkia Februari 3, 1959, ndege ndogo ilianguka shambani huko Iowa, Marekani, dakika chache tu baada ya kuruka. Buddy Holly, mwimbaji wa rock and roll wa Marekani, alikuwa na miaka 22. Alikufa pamoja na waimbaji wenzake, Ritchie Valens wa miaka 17, J. P. Richardson wa miaka 28 na rubani wao, naye kijana mbichi.

Sababu ya kupanda ndege ile inauma ukiijua. Walikuwa katika ziara ya maonyesho, wakizunguka kwa basi katikati ya baridi kali, na hita ya basi ilikuwa imeharibika. Mpiga dramu wa ziara ile miguu ilimganda hadi akalazwa hospitali. Baada ya onyesho la mji wa Clear Lake, Iowa, Holly akakodi ndege ili awahi mji unaofuata, alale kidogo na kufua nguo. Waylon Jennings, mpiga besi wake, alimwachia kiti Richardson aliyekuwa na mafua. Valens alipata chake kwa kurusha sarafu.

Kibao chake pekee kilichoshika namba moja Marekani, “That’ll Be the Day”, kilifika hapo Septemba 1957. Hesabu mwenyewe: kati ya hapo na kifo chake hata miezi 18 haikutimia.

Sasa, muda mfupi hivyo uliwezaje kuacha alama? Kwa maoni yangu, ni kwa sababu Holly alionyesha njia ambayo kijana yeyote angeweza kuishika. Zamani zile waimbaji wengi walipewa nyimbo zilizotungwa na watu wengine. Holly na kundi lake, The Crickets, walitunga zao, wakapiga wenyewe, na kurekodi katika studio ndogo mjini Clovis, New Mexico, mbali kabisa na makampuni makubwa ya New York. Magitaa, besi na dramu, basi.

Sikiliza “Everyday”. Ule mdundo unaoenda taratibu kama saa ya ukutani si ngoma. Mpiga dramu Jerry Allison anajipiga magotini kwa viganja, na juu yake kinalia kinanda kidogo chenye sauti ya vikengele. Nikiusikia wimbo huu nashindwa kukaa kimya. Magoti mawili yametosha kuubeba mzima.

Vijana wa Liverpool walielewa haraka. Mwaka 1958 John Lennon, Paul McCartney na George Harrison walirekodi santuri yao ya kwanza kabisa, na wimbo waliouchagua ulikuwa “That’ll Be the Day”. Crickets kwa Kiingereza ni nyenje. Nao walipotafuta jina la kundi wakamwendea mdudu mwingine, mbawakawa (kwa Kiingereza “beetle”), wakawa Beatles. Mwaka 1964 kundi la Rolling Stones likaurudia “Not Fade Away” wa Holly, ukafika namba tatu Uingereza.

Halafu kuna Bob Dylan, mwimbaji na mtunzi wa Marekani. Siku tatu kabla ya ajali, akiwa na miaka 17, alikwenda kumwona Holly mjini Duluth. Katika mhadhara wake wa Nobeli mwaka 2017 alisimulia kwamba alisimama umbali wa futi sita tu kutoka kwa Holly, naye Holly akamtazama moja kwa moja machoni, akampa kitu ambacho Dylan mwenyewe hakukijua ni nini.