Kode ni nini, na kwa nini kode ya motoka za Japani inaumiza macho Lubumbashi

Madereva wengi hapa Lubumbashi wanadhani kode (taa za chini, za kupishana na wengine usiku) ni fare (taa kali za mbali) iliyopunguzwa nguvu. Sivyo. Chukua ampuli (balbu) ya aina ya H4 ya volti 12, ile inayouzwa kila duka la vipuri: upande wa fare ina wati 60, upande wa kode wati 55. Tofauti ya wati tano haiwezi kuamua kama mtu anayekuja mbele yako ataona njia au atapofuka. Kinachoamua ni mahali mwanga unapokwenda. Fare inatupa mwanga wote mbele bila mpaka. Kode inauwekea dari: chini ya dari barabara inaonekana, juu yake giza, na macho ya dereva anayekuja yanatakiwa yawe ndani ya giza hilo. Pale mwanga unapoishia ndipo penye kitu tutakachokiita mstari wa mkato, na kode nzuri au mbaya hupimwa kwa mstari huo.

Ukitaka kuelewa mstari unatoka wapi, shika H4 mpya mkononi. Ishike kwenye chuma, usiguse kioo, kwa sababu mafuta ya vidole yakipata moto wa ampuli yanakichoma kioo mahali pale pale na kufupisha maisha yake. Ndani utaona nyuzi mbili. Mmoja uko wazi pande zote, huo ni wa fare. Wa pili, ulio karibu zaidi na ncha, umelala ndani ya kikombe kidogo cha chuma. Kikombe hicho kinazuia mwanga usishuke kwenye nusu ya chini ya bakuli linalong'aa ndani ya taa. Mwanga unaopiga nusu ya juu ya bakuli unarudishwa ukiinamia barabarani. Ule ambao ungepiga nusu ya chini ungepanda juu kwenye macho ya watu. Basi unazibwa. Taa zenye lenzi nene ya mviringo zinafanya kazi ile ile kwa bamba la chuma lililosimama kati ya ampuli na lenzi, na mstari wake huwa mkali zaidi.

Mstari huo haujanyooka. Ukiutazama ukutani, nusu moja ni ya usawa, halafu katikati unavunjika na kupanda kwa mteremko wa digrii 15 hivi. Sababu yake ina akili. Upande wanakotokea wengine lazima ubaki chini. Upande wa ukingo wako hakuna dereva wa kumuumiza, kwa hiyo mwanga unaachwa uinuke na kufika mbali, ili uone mtembea kwa miguu, baiskeli au jiwe mapema. Mkataba wa Vienna wa 1968 kuhusu usafiri wa barabarani unadai fare imulike angalau mita 100 mbele, na kode angalau mita 40 bila kumpofusha mwingine. Mwinuko ule ndio unaokuongezea mita kwenye ukingo, ambako ndiko unakozihitaji.

Sasa, ukingo uko upande gani? Inategemea nchi. Kongo tunapita kulia, hivyo mwinuko unatakiwa uwe kulia. Japani, Zambia, Tanzania na Afrika Kusini wanapita kushoto, na mwinuko wao uko kushoto. Motoka iliyotoka Japani ikapitia Dar es Salaam au Durban inafika Katanga na usukani kulia. Hilo tumelizoea, abiria wa mbele ndiye anayechungulia na kusema kama njia ni wazi ya kupita lori. Lakini usukani si kitu pekee kilichokuja kwa upande mwingine. Taa nazo zimetengenezwa kwa upande huo huo, na hakuna anayezitaja.

Matokeo yake ni mawili. La kwanza, mwinuko unaelekea kushoto, kwenye njia ya anayekuja. Dereva wa watu ameweka kode kwa heshima zote, na bado mwenzake anamwashia fare kwa hasira akidhani amedharauliwa. La pili, ukingo wa kulia unabaki na mwanga mfupi. Huko ndiko anakopita yule anayesukuma baiskeli yenye magunia ya makala (makaa) kabla ya mapambazuko ili awahi soko. Hana taa, gunia ni jeusi, na mara nyingi anatembea akiwa amekupa mgongo. Kwangu mimi hili la pili ndilo baya zaidi. Anayekuja mbele akiumwa macho anajua, anapunguza mwendo. Wa makala hajui kwamba hajaonekana.

Kwenye Barabara ya Taifa namba 1 kutoka Kasumbalesa, mpakani na Zambia, jambo hili linazidi. Malori ya Zambia, Tanzania na Afrika Kusini yanabadili upande wa barabara mpakani, taa hazibadiliki. Kiangazi vumbi likiwa limetanda ndiyo balaa, maana kila chembe inarudisha mwanga. Humo fare haikusaidii hata ukiwa peke yako.

Kujua motoka yako iko kundi gani hakuhitaji mashine. Tafuta ukuta na uwanja ulio sawa. Tairi ziwe na upepo wa kutosha, mtu akae kwenye kiti cha dereva, na kama kuna kigurudumu cha kushusha taa kwenye dashibodi kiweke kwenye 0. Simamisha motoka mita 10 kutoka ukutani. Pima urefu kutoka ardhini hadi katikati ya taa, uchore alama ya chaki kwa urefu huo ukutani mbele ya kila taa. Washa kode, funika taa moja kwa kitambaa, tazama nyingine. Sehemu ya usawa ya mstari inatakiwa iwe sentimita 10 chini ya chaki. Ukiwa na nafasi ya mita 5 tu, basi sentimita 5. Halafu angalia mwinuko unapanda kwenda wapi. Ukipanda kushoto kwako, taa hizo ni za barabara ya kushoto.

Dawa kamili ni kununua taa za motoka ile ile iliyotengenezwa kwa nchi zinazopita kulia. Kwa Hilux, RAV4 na Land Cruiser zinapatikana, kwa sababu ziliuzwa pande zote mbili. Kwa aina zilizouzwa Japani peke yake, itabidi uishi na nafuu. Nafuu ya kwanza ni kuziba. Taa ikimulika ukuta, sogeza kipande cha katoni polepole mbele ya kioo mpaka uone mwinuko umetoweka na mstari wa usawa umebaki. Hapo kwenye kioo ndipo pa kubandika utepe mweusi unaovumilia joto. Ni kipande kidogo tu. Wanaovuka kwa motoka kutoka Uingereza kwenda Ufaransa wanabandika vibandiko vya namna hiyo hiyo. Kioo kikiwa cha plastiki kikague baada ya safari ya kwanza ya usiku, kwa sababu utepe unabana joto. Taa za lenzi ya mviringo hazizibiki vizuri kwa njia hii, ila baadhi zina kijiti kidogo nyuma ambacho ukikisukuma mstari unakuwa wa usawa mtupu.

Nafuu ya pili ni kushusha taa kidogo kuliko kipimo nilichotaja. Unapoteza umbali, kwa hiyo mwendo nao ushuke. Ila usikubali fundi azigeuze kuelekea kulia ati ziache kumuumiza anayekuja. Inaonekana ina mantiki, ukutani inajikana: mwinuko unaanzia pale mstari unapovunjika, na ukiupeleka mvunjiko kulia, mwinuko unaanza mapema na kufika juu zaidi kule kushoto ulikotaka kupunguza. Na ile sauti ya garajini, "Papa, tuzipandishe kidogo uone mbali?", ijibu hapana. Motoka ikibeba mizigo nyuma, pua inainuka na kode inapanda yenyewe. Ndiyo kazi ya kile kigurudumu cha dashibodi.

Ampuli za ledi (LED) ni shauri lingine. Bakuli la taa lilichorwa kwa uzi mwembamba uliokaa mahali pamoja hasa, na kikombe chake. Ledi nyingi za bei rahisi zina punje za mwanga zilizosogea milimita chache na kinga isiyofanana na kikombe. Milimita hizo zinatosha kuupaka mstari ukutani hadi usijue unaanzia wapi. Weupe wake unamfurahisha mwenye motoka kwa sababu mita chache mbele ya bonneti zinang'aa sana. Mbali hakuna kitu. Kabla ya kulipa, ipeleke ukutani.

Na kabla ya kununua ampuli kali ya wati 100, ambayo itakula soketi na swichi, pima volti. Injini ikiwa inazunguka, batri inaonyesha takriban volti 14. Kama kwenye soketi ya taa iliyowashwa unapata 12 na kidogo, shida haiko kwenye ampuli: volti zikipungua kwa asilimia 10, mwanga unapungua kwa karibu asilimia 30. Mara nyingi mwizi ni masi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye batri kupitia bodi. Gusa ncha moja ya kipima volti kwenye hasi ya batri, nyingine kwenye pini ya masi ya taa, kode ikiwaka. Inatakiwa isome karibu na sifuri. Ikisoma nusu volti, fuata waya huo mpaka ulipofungwa kwenye bodi, fungua boliti, kwangua kutu mpaka chuma king'ae, kaza, paka grisi.

Kioo cha plastiki kilichogeuka njano kwa jua kinaharibu mstari pia, maana kinatawanya mwanga hadi juu ya dari. Kisugue kwa msasa wa maji namba 800, kisha 1500, kisha 2000, kisha polishi, na umalizie na vanishi inayozuia miale ya jua. Bila hiyo unjano unarudi upesi. Dawa ya meno inafanya kazi kwa siku chache.

Ukienda kununua taa iliyotumika, soma maandishi yaliyochorwa kwenye kioo. Tafuta herufi E ndani ya duara yenye namba pembeni, halafu tafuta mshale karibu yake. Mshale mmoja unaoelekea kulia kwako wewe uliyesimama mbele ya taa maana yake ni taa ya nchi zinazopita kushoto, iache. Mshale wenye vichwa viwili unaweza kupangwa kwa pande zote. E isiyo na mshale ndiyo ya kwetu. Taa isiyo na E kabisa, mwombe muuzaji batri na ukuta kabla hujatoa pesa.